Helsinki hadi Tokyo: tovuti inasema masaa tisa na nusu, tiketi inasema kumi na tatu

Kuna jamaa yangu anasoma Helsinki, mwezi wa pili alikuwa na mkutano Tokyo, usiku mmoja akanirushia picha mbili kwa mpigo bila hata salamu. Ya kwanza ni ya zile tovuti za kupiga hesabu za umbali, unaandika mji huu na mji ule inakutemea jibu hapo hapo, ilikuwa imemwambia kilomita 7,800 na ushee, muda wa ndege masaa tisa na nusu. Ya pili ni tiketi yenyewe, kuondoka 17:45, kufika 13:45 kesho yake. Chini akaandika: "Kaka hebu niangalizie hii kitu, mimi ndo sijui kuhesabu au nimeuziwa magumashi? Wameandika moja kwa moja, haitui popote, sasa masaa ishirini inazunguka wapi?"

Nikamwambia tulia, swali lako ni maswali mawili yamevaa shati moja. La kwanza dogo, la pili ndo lilinikalisha mpaka usiku wa manane nachora chora kwenye karatasi, na ndo sababu naandika hiki kisa chote hapa.

Tuanze na hizo 20, maana hapo watu wengi wanapotea kabla hata hawajafika kwenye kiini. Tiketi haina saa moja ya dunia nzima, inaandika saa ya ukutani ya kila mji. Hiyo 17:45, yaani saa kumi na mbili kasorobo jioni, ni ya Helsinki. Hiyo 13:45, saa nane kasorobo mchana, ni ya Tokyo. Ukihesabu kwa vidole toka moja mpaka nyingine unapata 20 kweli, ila wakati wa baridi Tokyo iko mbele ya Helsinki kwa masaa 7, kwa hiyo muda ambao yeye anafunga mkanda pale Helsinki, Tokyo tayari ni saa saba kasorobo usiku. Toka saba kasorobo usiku mpaka nane kasorobo mchana ni masaa 13. Hayo ndo ya safari. Na hata hayo 13 siyo yote ya angani, muda wa kwenye tiketi unahesabiwa toka ndege inapoachia geti mpaka inapoegesha upande wa pili, humo ndani kuna kuburuta matairi kwenda njia ya kurukia, kusubiri zamu, na wakati wa theluji kuna kumwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa. Toa nusu saa hivi.

Akajibu haraka, "sawa 13 nimekuelewa, ila tovuti inasema tisa na nusu, hizo tatu na nusu zimetoka wapi?" Hapo sasa.

Watu wengi wakiona hizo tovuti wanadhani kuna mtu nyuma yake anajua ratiba za ndege. Hamna. Kinachofanyika ni kwamba inachukua sehemu ilipo Helsinki na sehemu ilipo Tokyo kwenye mviringo wa dunia, inapiga hesabu ya mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya tufe kati ya hizo nukta mbili, halafu inagawanya kwa mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, tuseme kilomita 850 kwa saa, inaongeza dakika ishirini thelathini za kupanda na kushuka, basi. 7,800 gawanya kwa 850 ni masaa tisa na dakika kumi, ongeza hizo za juu unapata tisa na nusu na ushee. Hesabu haina kosa hata moja. Shida ni kwamba inahesabu kana kwamba chini ya huo mstari hakuna nchi.

Na huo mstari wenyewe ukiuona mara ya kwanza unaweza kubisha. Kwenye ramani ya ukutani unaona Helsinki iko juu kushoto, Tokyo iko chini kulia, unaweka rula, unapata mstari unaoshuka taratibu kupita Asia ya Kati. Sasa tafuta tufe, lile la darasani linalozunguka, chukua kipande cha uzi, bana ncha moja Helsinki kwa kidole gumba, vuta ncha nyingine mpaka Tokyo, kaza. Uzi haukai pale rula ilipopita, unateleza wenyewe kwenda juu. Nilifanya hiyo kitu mezani kwangu nikaanza kucheka peke yangu. Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini, Tokyo nyuzi 36, kwa akili ya kawaida njia ingetakiwa ishuke tu toka ya kwanza mpaka ya pili, lakini njia fupi inaanza kwa kupanda, inafika kama nyuzi 67 kaskazini, yaani inavuka kidogo ule mstari wa Aktiki, ndo inaanza kushuka kuelekea Japani. Ndege inayoenda mashariki inaanza kwa kuelekea kaskazini mashariki. Ramani bapa ndo inadanganya, uzi haudanganyi.

Sasa angalia huo uzi umelalia nini. Ukitoka Helsinki haupiti muda unaingia Urusi, unavuka milima ya Ural, unaingia Siberia, unaenda, unaenda, Siberia haiishi, mpaka unatokea bahari ya Japani na Tokyo iko pua na mdomo. Karibu njia yote ni anga la nchi moja. Kwa miaka mingi hii ilikuwa ni neema kwa Ufini, wamekaa kona ya Ulaya ambayo ndo iko karibu zaidi na Japani kwa njia ya anga, Finnair, shirika la ndege la Ufini, wakajenga biashara yao nzima ya Asia juu ya huo ujanja, unatoka mji wowote wa Ulaya unaunganisha Helsinki halafu unakata Siberia, mashirika ya Ulaya yanawalipa Warusi ada ya kupita na kila mtu anaendelea na maisha. Ratiba za kipindi hicho zilikuwa zinacheza hapo hapo kwenye masaa tisa na nusu mpaka kumi. Kwa hiyo ile tovuti haikuwa ya uongo, ilikuwa ya mwaka mwingine.

Februari 24, 2022 Urusi ikaingia Ukraine kivita, anga la Ukraine likafungwa kwa ndege za kiraia. Februari 27 Umoja wa Ulaya ukafunga anga lake kwa ndege za Urusi. Februari 28 Urusi ikajibu, ikafungia mashirika ya ndege ya nchi 36, Ufini ikiwemo. Siku chache tu, na ule uzi mezani ukakatwa katikati. Mashirika ya Japani nayo yakaacha kupita Siberia. Finnair wakasimamisha safari za Tokyo, halafu Machi hiyo hiyo wakarudi, kilomita zile zile kwenye tovuti, masaa 13 kwenye tiketi.

Nilivyomfikisha hapa jamaa akasema "kwa hiyo wanazunguka". Ndio, ila wanazunguka wapi? Hii ndo sehemu iliyonipa raha, maana ukikaa na ramani unagundua Urusi ni pana kiasi kwamba hamna kuikwepa kidogo, ni ama uipite chini yake yote ama uipite juu yake yote.

Njia ya chini inakuwa hivi: toka Helsinki unashuka kusini moja kwa moja, Baltiki, Poland, mpaka huko Romania, unaona wazi kwamba kwa masaa mawili ya kwanza hujaisogelea Tokyo kabisa, umeenda kusini tu kwa sababu Ukraine nayo imefungwa. Halafu unakunja mashariki, Bahari Nyeusi upande wa Uturuki, Georgia, Azerbaijan, unavuka bahari ya Kaspi, Kazakhstan, China yote, Korea Kusini, Tokyo. Pale Georgia na Azerbaijan ndo pabaya, kaskazini Urusi, kusini Iran, ndege zote za Ulaya zinazokwepa huku na huku zinabanana kwenye kaupenyo kamoja kama daladala kwenye daraja bovu. Nilipiga hesabu kwa vipande vilivyonyooka, Helsinki hadi Bucharest, mji mkuu wa Romania, kama 1,770, Bucharest hadi Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, kama 2,000, Baku hadi Tokyo kama 7,570, jumla 11,300 na ushee. Na hiyo ni kwa kunyoosha kwa rula, njia halisi ina mikunjo, China ndege za kiraia zinafuata njia zilizopangwa siyo unajikatia tu, Korea Kaskazini inakwepwa, kwa hiyo mimi nikaweka 12,000 kama makadirio ya mtu mzima.

Njia ya juu ni kichaa kingine kabisa. Unatoka Helsinki unaelekea kaskazini, Norway, visiwa vya Svalbard, Ncha ya Kaskazini yenyewe au jirani yake, halafu unashuka upande wa pili wa dunia kuelekea Alaska, unapenya mlango wa bahari wa Bering kati ya Alaska na Urusi, unaambaa bahari ya Pasifiki ukiiacha Kamchatka, ile rasi ya mashariki ya Urusi, kulia kwako, unafika Tokyo. Vipande vilivyonyooka: Helsinki hadi Ncha 3,300, Ncha hadi Bering 2,700, Bering hadi Tokyo 4,660 ila hicho cha mwisho kikinyooka kinakata pembe ya Urusi kwa hiyo lazima kipinde kuelekea baharini. Nikaweka 11,500 yote kwa pamoja.

Angalia hizo namba tena. 7,800 kwenye tovuti, 12,000 kwa chini, 11,500 kwa juu. Hakuna mji uliohama.

Hapa jamaa akauliza swali zuri kuliko yote, akasema kama njia ya juu ni fupi kwa nini wasipite juu kila siku? Na mimi mwanzoni nilidhani ndo wanavyofanya. Kumbe ishu ni upepo.

Kule juu ndege zinaporuka, kilomita kumi na kitu toka ardhini, kuna mito ya upepo inayokimbia toka magharibi kwenda mashariki, na ule wa juu ya Japani wakati wa baridi ni mmoja wa mikali zaidi duniani, unaweza kuvuka kilomita 300 kwa saa. Kuna mzee wa Kijapani alikuwa anaitwa Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa, miaka ya 1920 alikuwa anarusha maputo toka kituo cha Tateno anayafuatilia kwa darubini, akaona upepo wa juu unakimbia kuliko mtu yeyote alivyodhani, akaandika ripoti mwaka 1926, akaiandika kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa iliyokusudiwa iwe ya watu wote, ili dunia nzima isome. Dunia nzima haikusoma. Mpaka mwaka 1944 marubani wa Marekani wa ndege za B-29 walipofika juu ya Japani wakakuta upepo unawasukuma mpaka mabomu hayaangukii walikolenga. Hiyo nimeitaja kwa sababu naipenda tu, ila ndo upepo huo huo jamaa yangu anaenda kukutana nao akiwa na trei ya chakula mapajani.

Turudi. Ndege inajua mwendo wake ndani ya hewa, tuseme 900. Ila hewa yenyewe inatembea. Ukichukua ile njia ya chini ya kilomita 12,000 ukapewa upepo wa mgongoni wa wastani wa 60, unasogea juu ya ardhi kwa 960, unamaliza kwa masaa kumi na mbili na nusu, ongeza nusu saa ya kuburuta matairi uwanjani unapata 13, ile ile ya kwenye tiketi. Njia hiyo hiyo ukirudi nayo upepo ni wa usoni, 900 toa 60 ni 840, unapata masaa 14 na dakika 17 kabla hujaongeza ya uwanjani. Karibu masaa mawili zaidi, barabara ile ile, ndege ile ile. Ndo maana mtindo ukawa kwenda unapita kusini unapanda mgongo wa upepo, kurudi unapita kaskazini kule Ncha ambako upepo hauna ubabe huo. Siyo sheria, wanaopanga safari wanaangalia utabiri wa siku hiyo ndo wanaamua. Hizo 60 nimeziweka mimi kwa ajili ya hesabu, siku nyingine ni nyingi siku nyingine kidogo, na ndo maana tiketi inakuambia 13 halafu unafika dakika arobaini mapema rubani anajisifu kwenye spika kana kwamba amekanyaga mafuta.

Njia ya Ncha nayo ina mambo yake, siyo kwamba ni anga tupu basi unajiachia. Mafuta ya ndege yale ya kawaida yanaanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri, na hewa ya nje huko wakati wa baridi inaweza kushuka chini ya hapo, mafuta yako kwenye mabawa, mabawa yako kwenye hiyo baridi kwa masaa na masaa, kwa hiyo marubani wanakodolea macho joto la mafuta, likikaribia pabaya wanashuka kutafuta hewa yenye nafuu au wanaongeza mwendo. Setilaiti nyingi za mawasiliano zimekaa juu ya ikweta, ukifika kama nyuzi 82 kaskazini zinakuwa zimezama chini ya upeo wa macho, ndo redio za masafa marefu za kizamani zinarudi kazini. Halafu kuna suala la injini mbili. Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kwenda mbali zaidi ya muda fulani toka uwanja wa kutua kwa dharura, muda unaohesabiwa ikiruka kwa injini moja. Airbus A350 ambayo ndo Finnair wanaitumia kwenye safari ndefu iliidhinishwa Ulaya mwaka 2014 kwa mpaka dakika 370, ni masaa sita na dakika kumi kwa injini moja, na kwa mafuta inafika kwenye kilomita 15,000 bila kutua. Bila ndege ya namna hiyo mzunguko wote huu ungeishia kwenye makaratasi.

Na gharama ipo, tena siyo ya masaa tu. Masaa matatu na nusu ya ziada ni mafuta ya masaa matatu na nusu, na hayo mafuta yana uzito, na kubeba uzito kunakula mafuta mengine. Marubani wawili hawatoshi, lazima waongezwe wa kupokezana. Ndege iliyokuwa inaenda na kurudi ndani ya siku moja hivi na kubaki na muda wa kupumua sasa haina. Huku mashirika ya China yanaendelea kukata Siberia kwa raha zao, kwa hiyo mtu anayetoka Ulaya kwenda Beijing anaweza kukuta tiketi mbili za moja kwa moja za siku moja zimepishana masaa mawili matatu, tofauti ni bendera iliyochorwa mkiani.

Sasa kuna kitu kilinichekesha nilipokuwa nachimba. Mwaka 1983, mwezi wa nne, Finnair walianzisha safari ya Helsinki hadi Tokyo bila kutua kwa ndege aina ya DC-10 iliyofungwa tangi la ziada la mafuta. Kipindi hicho Wasovieti walikuwa hawawaruhusu kukata Siberia. Wakapita wapi? Juu, Ncha ya Kaskazini, Alaska, Bering, Tokyo. Masaa mangapi? 13. Wenzao wengine wa Ulaya walikuwa bado wanatua Anchorage kujaza mafuta, njia ambayo SAS, shirika la ndege la nchi za Skandinavia, waliianzisha mwaka 1957 toka Copenhagen. Halafu Septemba 1 mwaka huo huo wa 1983 ndege ya abiria ya Korea iliyotoka Anchorage ikaingia anga la Wasovieti kwa kupotea njia, ikatunguliwa, watu 269 wakafa wote. Ukisoma hiyo ndo unaelewa kwa nini hakuna mtu anayechungulia kona ya Kamchatka kwa ajili ya kuokoa dakika ishirini. Kwa hiyo jamaa yangu na kompyuta yake ya mapajani na ndege yake ya plastiki nyepesi ya kisasa, anatumia masaa yale yale aliyotumia abiria wa 1983 kwenye ndege ya injini tatu. Nilimtumia hiyo akajibu emoji ya fuvu.

Akaondoka. Njiani alikuwa na intaneti ya kwenye ndege, akanitumia picha ya ile ramani ya kwenye kiti cha mbele, kindege kidogo cheupe kimekaa juu ya bahari ya Kaspi, mstari nyuma yake umepinda kama ndoana. Akaandika "masaa manne na kitu yamepita na bado nasoma Baku, Tokyo iko mbali kuliko nilipoanza." Nikapima. Toka Helsinki kwa njia ya uzi ni 7,800, toka Baku ni 7,570. Hakuwa amekosea sana, masaa manne na ushee ya kuruka, Tokyo imesogea kilomita 230.

Alikaa huko mpaka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Tiketi ya kurudi ilikuwa kuondoka Tokyo 22:00, kufika Helsinki 05:15, na safari hii akajiamini akapiga hesabu mwenyewe: saa nne usiku mpaka kumi na moja na robo alfajiri ni masaa saba na robo, ongeza tofauti ya saa 7, jumla 14 na robo. Akanitumia kwa hasira, "wameongeza tena saa nzima!" Nikamwambia angalia kalenda. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu Ulaya wanasogeza saa mbele, Japani hawasogezi, walijaribu baada ya vita, mwaka 1948 mpaka 1951, wakaachana nayo. Kwa hiyo wakati yeye yuko Tokyo, Helsinki imemsogelea saa moja bila kumuaga, tofauti sasa ni 6. Saba na robo ongeza sita ni 13 na robo. Akanyamaza kama dakika tano halafu akaandika "saa zenyewe nazo zinahama, mji ndo haujahama."

Na kweli akarudishwa kwa juu. Picha ya ramani safari hii ilikuwa kindege kiko kwenye weupe mtupu, hakuna jina la mji, kwa pembeni tu Svalbard imejitokeza. Nje ya dirisha alisema ni barafu imepasuka pasuka mpaka upeo wa macho.

Alipotua nikampigia ile hesabu ya mwisho kwa makadirio yangu yale yale. Kwenda 12,000 kwa chini, kurudi 11,500 kwa juu, jumla 23,500, ameizunguka Urusi yote kama mtu anayezunguka ukuta wa shule akitafuta geti. Tovuti ingemwambia kwenda na kurudi ni 15,600. Toa. Inabaki 7,900.

Akaisoma akauliza, "yaani nimelipia kwenda na kurudi, wakanipa na Tokyo ya tatu?"

Nikamwambia ndio kaka, na usingizi wake.